Virtudes na Blanketi la Setilaiti

Mtu aliyeshona viatu miaka thelathini na sita hapiti mbele ya kitu bila kukigeuza aone nyuma kukoje. Virtudes Amorós aligeuza sahani za watu, akafunua kola za makoti kanisani, na siku wifi yake Asun aliponunua kochi jipya akamwita kahawa, Asun alirudi kutoka jikoni akamkuta mgeni amelala chali sakafuni, kichwa kimezama chini ya kochi, miguu nje.

"Wee Virtu! Umedondosha hereni?"

"Sijadondosha kitu. Natazama walivyofunga kitambaa. Wamekupiga, wifi. Huku chini ni pini tupu."

"Nani atakaa huko chini?"

"Mimi hapa si niko?"

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto, na walimu wake walimaliza kazi yao kwake mapema, akiwa na miaka kumi na mbili, kwa sababu Elda, mji wao wa viatu, siku zile haikuhitaji wasichana wenye maswali. Ilihitaji wasichana wenye vidole. Virtudes aliwekwa kwenye cherehani sebuleni kwao, karibu na dirisha la barabarani, kopo la gundi miguuni. Jumatatu gari lilileta mifuko ya ngozi iliyokatwa, Alhamisi likaja kuchukua viatu vilivyoshonwa juu, bado havina soli. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ukipita asubuhi ulisikia cherehani nyumba hadi nyumba, na wanawake wakitukanana kwa upendo kupitia madirishani.

Mkataba hakuwa nao hata mmoja wao. Virtudes alimaliza miaka thelathini na sita, akavisha viatu maharusi wa nusu ya Uhispania, na kwenye karatasi za serikali aliandikwa mama wa nyumbani, hana kazi. Viwanda vilipoanza kufunga milango, kimoja baada ya kingine, hakuna aliyekuja kumwambia amefukuzwa. Gari halikuja tu Jumatatu moja. Wala Jumatatu iliyofuata.

Kiwanda cha mwisho kumletea kazi kilikuwa cha mzee Poveda. Mzee akafa, na mtoto wake Quino, ambaye Virtudes alimfuta kamasi mara nyingi tu akija na baba yake kwenye gari la mifuko, alikuwa amekwenda mbali kusomea maroketi. Akarudi na wenzake kumi na moja, wote wembamba, wote wenye miwani, wakafungua kampuni ndani ya kiwanda kile kile. Baani watu walicheka mpaka wakamwaga bia. Baba alivisha miguu, walisema, mtoto anakwenda kuvisha mwezi.

Miaka tisa baadaye walikuwa watu sitini. Upande wa zamani wa kukatia ngozi waliunda roketi ndogo. Upande wa kupakia maboksi waliunda setilaiti, kila moja kama mashine ndogo ya kufulia. Siku za joto kali boriti za dari bado zilinuka gundi ya viatu, na mainjinia walioletwa kutoka kwingine walifikiri kuna bomba linavuja.

Quino alibisha hodi kwa Virtudes mwezi wa Januari, mkononi ana kipande cha plastiki nyembamba inayong'aa kama fedha.

"Virtu, hiki unaweza kukishona?"

Alikigeuza. Akakinusa. Akakivuta kwa kucha.

"Cha kufungia samaki?"

"Cha kufungia setilaiti. Tabaka kumi na mbili, na wavu mwembamba katikati. Injinia wangu anashona mwenyewe na anajitoboa vidole. Vikunjo kila mahali."

"Na setilaiti inafungwa kwa nini? Inasikia baridi?"

"Baridi upande mmoja, moto upande mwingine."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

Virtudes akamtazama kama anatazama pini chini ya kochi. "Ingia ndani," akasema. "Kaa. Nieleze."

Walikubaliana miezi mitatu ya majaribio, kuanzia Februari mpaka Ijumaa ya mwisho ya Aprili. Akifaa, mkataba, wa kudumu. Virtudes hakumwambia mtu ila Asun, naye alimwambia nusu. Kazi ilimvutia, hilo alilisema. Hakusema kwamba ana miaka hamsini na minane, na kwamba alitaka, mara moja tu kabla hajafa, karatasi moja yenye muhuri inayosema huyu mama alifanya kazi.

Chumba cha kushonea walikiita chumba kisafi, na kuingia kwake kulikuwa kama kuvalishwa sanda: suti nyeupe, kofia mpaka nyusi, barakoa, glavu. Rangi ya mdomo marufuku. Manukato marufuku. Dawa ya nywele marufuku, na hilo lilimuuma, maana tangu ujana wake hakukosa Jumamosi saluni. Kulowesha uzi kwa mate kabla ya kuutia kwenye sindano marufuku kabisa. Siku ya kwanza alilamba barakoa kwa ndani mara sita.

Injinia aliyemfundisha aliitwa Leire, msichana wa kaskazini, wa nchi ya Wabaski, anayesema kwa kifupi kama analipia maneno. Lakini Virtudes alimpa kazi ya kusema.

"Leire, mwanangu, huko juu hakuna hewa kabisa?"

"Karibu hakuna."

"Na hiyo karibu inafanya nini huko?"

"Inazurura."

"Na msumari ukilegea, nani anapanda kuukaza?"

"Hakuna. Ndiyo maana hatulegezi."

"Na setilaiti inanuka?"

Leire alivua miwani. "Inanuka?"

"Kila kitu kipya kinanuka. Kiatu kinanuka. Sasa kama hakuna hewa ya kubeba harufu, harufu inakaa wapi?"

Ikawa gumzo. Quino alibandika karatasi karibu na mashine ya kahawa, akaandika juu yake *Virtudes anauliza*, na kila asubuhi swali jipya likaongezwa. Mainjinia waliobishana kwa hesabu mwaka mzima walisimama pale na mkate wao wa nyanya na mafuta wakibishana kuhusu harufu. Kufikia wiki ya mwisho ya Aprili maswali yalikuwa arobaini na mawili. Saba hayakuwa na jibu.

Na mikono yake, hata mchawi asingeikuta na kosa. Kona zake zilikaa kama bahasha. Hapakuwa na kikunjo. Leire alipitisha kioo cha kukuzia kwenye mishono, akaguna, na mguno wa Leire ni sawa na wengine kukupigia bendi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Virtudes hakuuliza.

Kwenye mchoro wa blanketi, ndivyo walivyoliita lile vazi la setilaiti, upande wa chini, mstari wa mshono ulikuwa umekatika-katika: kipande cha mshono, pengo la vidole viwili, kipande, pengo. Mapengo kumi na manne. Aliyaona siku ya kwanza, akatabasamu ndani ya barakoa. Alimjua mchoraji wa namna hiyo. Kwenye viwanda vya Elda mchora kiatu hakuchora mshono mzima hata siku moja. Aliweka vistari vichache kuonyesha njia, kwa kuwa anajua mshonaji atamalizia. Kiatu chenye pengo kinaingiza maji, na mwanamke aliyeacha pengo jina lake lilipita mtaani kabla ya chakula cha mchana. Basi Virtudes alimalizia. Alishona moja kwa moja, akakunja ukingo, akaukandamiza, akapitisha juu yake utepe wa rangi ya dhahabu waliompa kwa ajili ya kona. Safi. Tone la maji lisingepita. Alishona mawili hivyo: moja la kujaribia, na moja la setilaiti yenyewe, ambalo walikwishalivalisha.

Angeulizaje? Mtu haulizi kuhusu kazi yake mwenyewe.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya majaribio yake walikwenda kwenye chuo kimoja, mwendo wa saa moja, kukodi tangi la kunyonya hewa. Ndani yake waliweka boksi la bati lenye uzito na umbo la setilaiti, limevishwa blanketi la kujaribia. Ijumaa lori lingechukua setilaiti yenyewe kuipeleka bandarini, ikavuke bahari mpaka mahali pa kurushia, ikae kwenye pua ya roketi yao. Safari ya kwanza ya roketi hiyo. Jaribio likifaulu, setilaiti inapanda. Lisipofaulu, roketi haingoji mtu: wangeiwekea bonge la chuma lenye uzito ule ule, ipande nalo. Kila mtu pale kampuni alilichukia bonge hilo kama mke mwenza. Lilikuwa tayari, limepakwa rangi, mlangoni.

Virtudes hakuwa na kazi kwenye jaribio. Aliomba kwenda.

"Unakwenda kuona nini?" Quino aliuliza, akiendesha.

"Hiyo hali ya kutokuwa na kitu. Nimeishonea miezi mitatu, sijaiona."

Tangi lilikuwa na kidirisha cha duara, ukubwa wa sahani. Virtudes alibandika paji la uso pale wakati pampu inaanza kunguruma. Leire alisimama kwenye namba zake.

"Imeanza?"

"Imeanza. Tunatoa hewa kwa kasi ile ile ya roketi inavyopanda."

"Mbona sioni tofauti?"

"Hewa huioni hata ikiwepo, Virtudes."

Alikuwa analitafuna hilo, anajiambia litakuwa swali la arobaini na tatu, ndipo blanketi likavuta pumzi. Hivyo ndivyo alivyoona: kama tumbo la mtu aliyelala. Kisha halikuishusha pumzi ile. Liliendelea kuumuka, likajaa, likawa duara na kung'aa kama toña kwenye oveni Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mkate ule ukizidiwa hamira mpaka unapasuka mgongo.

"Leire, mwanangu. Hilo linatakiwa kuvimba?"

"Kuvimba nini?"

Kona ilipasuka. Haikutoa mlio wowote. Virtudes alilitambua hilo: kitu kimepasuka mbele ya pua yake kimya kimya, na ulimi wa plastiki ya fedha unapepea, na hakuna upepo.

Leire alizima pampu. Alitazama kwenye kidirisha, akanyooka.

"Ni plastiki. Nilijua. Wale waliotuuzia wametuletea takataka, inaachia tabaka."

"Robota jipya la plastiki linachukua muda gani?" Quino aliuliza, simu iko mkononi tayari.

"Wiki sita."

"Basi tunapandisha chuma." Hakupaza sauti. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nawapigia hao wauza plastiki sasa hivi. Watanisikia leo."

Virtudes alikuwa ameuchukua mchoro kwenye meza. Aliutandaza. Kidole chake kilikwenda chenyewe upande wa chini.

"Leire. Hivi vistari vilivyokatika. Katikati yake pana nini?"

"Hapana kitu. Ni wazi. Hapo ndipo hewa iliyo kati ya tabaka inatokea roketi ikipanda, la sivyo..." Leire hakumalizia.

Simu ya Quino ilikuwa inaita upande wa pili. Virtudes aliisikia ikiita. Alijua vitu vitatu kwa pamoja. Alijua kona ile imechanika kama plastiki mbovu, na Leire alikwishakagua kwa kioo na kutia sahihi, kwa hiyo yeye Virtudes angenyamaza hakuna ambaye angehesabu mapengo. Alijua leo ni Jumanne na Ijumaa ndiyo siku yake ya mkataba. Na alijua kwamba setilaiti ile nyingine, ya kweli, imevaa vazi hilo hilo, na ikivimba huko juu hakutakuwa na kidirisha.

"Quino, kata simu."

"Subiri Virtu, wanapo..."

"Kata simu, nimekwambia! Plastiki yao haina kosa. Niliziba mimi."

"Umeziba nini?"

"Mapengo. Yote kumi na manne. Na nikapitisha utepe juu yake."

"Kwa nini?" Leire aliuliza, sauti nyembamba.

"Nilidhani mchoraji ni mvivu."

"Mchoraji ni mimi."

Quino alikata simu.

Ndani ya gari, wamefika nusu ya njia, milima ya milozi inapita, Leire ndiye aliyelipuka, Leire wa maneno machache.

"Unauliza kila kitu! Uliniuliza kama setilaiti inanuka! Uliniuliza harufu inakaa wapi, sikulala! Hili, Virtudes, hili ukaliacha?"

"Yale sikuyajua. Hili nilidhani nalijua."

Leire akageukia dirisha. Baada ya kilomita kadhaa alisema, kwa kioo, si kwa mtu: "Na mimi nilihesabu mishono. Sikuhesabu mapengo. Ulikuwa mzuri mno."

"Basi nyote wawili mpige magoti," alisema Quino, "halafu mniambie Ijumaa tunafanyaje. Tunafumua?"

"Tunafumua," alisema Leire.

"Hamfumui," alisema Virtudes.

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Kitu chembamba hivyo ukikifumua unaacha tundu za sindano zimepanga foleni. Kinachanika kwenye foleni kama stempu. Nimeona viatu vya harusi vikikatika kanisani." Alifikiri kidogo. "Mshono uacheni. Tutoboe kando yake."

"Matundu nayo yanachanika," alisema Leire.

"Ya sindano. Ya duara hayachaniki. Viatu vya kiangazi vya baba yake huyu vilikuwa na matundu kama ungo, na wanawake walicheza navyo sherehe nzima ya Septemba. Umewahi kuona kimechanika tunduni?"

Leire akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Kwa nini ya duara hayachaniki?"

"Duara halina kona ya kuanzia."

"Na unayapangaje?"

"Hayafuatani. Moja huku, la pili pale katikati ya mawili, kama mayai kwenye trei. Na mbali na mshono, upana wa kidole."

"Upana gani wa tundu?"

"Unataka upana gani?"

Leire alitoa kalamu. Mpaka wanaingia Elda alikuwa amejaza mgongo wa mchoro kwa hesabu: jumla ya mapengo kumi na manne ni uwazi kiasi gani, tundu la milimita mbili ni kiasi gani, joto litakalopenya ni kiasi gani kama matundu yote yakiwa upande usioliona jua. Aliuliza maswali ishirini na moja. Virtudes aliyahesabu, kwa raha kidogo, Mungu amsamehe.

Jumatano alileta kutoka nyumbani mkasi wake wa kutobolea ngozi, wenye meno ya duara, ulionunuliwa na mama yake. Ulioshwa kwa spiriti mara nne, kwa sababu kila mara kitambaa kilitoka na rangi ya kiatu cha mtu. Walilitengeneza kwanza blanketi lililopasuka, kona ikatiwa kiraka, likatobolewa, na Alhamisi likarudishwa tangini.

Virtudes kwenye kidirisha. Pampu ikanguruma.

"Linavuta pumzi," alisema. Leire nyuma yake alishika kiti. "Linavuta... limeishusha."

"Sasa?"

"Limelala."

"Sasa?"

"Limelala, mwanangu. Njoo uone mwenyewe."

Leire alikuja, wakabanana mashavu kwenye kioo kama watoto kwenye duka la peremende. Blanketi lilikaa bapa kwenye boksi lake, halijali. Quino alikwenda kukaa kwenye ngazi peke yake, akawageuzia mgongo.

"Na hiyo hewa iliyotoka matunduni," Virtudes aliuliza, "ya roketi ikipanda. Ni hewa ya wapi?"

"Iliyokuwa kati ya tabaka. Ya pale ulipoishonea."

"Ya Elda?"

"Ya Elda. Mabaki yake."

Virtudes akarudisha paji la uso kwenye kidirisha.

Jioni ile ile walikwenda kwenye setilaiti ya kweli. Matundu mia mbili na kumi, yote kwa mkono wa Virtudes. Kila kijiduara kilichokatwa kiliwekwa kwenye kisahani, maana kimoja kikibaki ndani kingeweza kwenda kukaa mbele ya jicho la kamera. Leire alihesabu: mia mbili na tisa. Akahesabu tena. Mia mbili na tisa. Virtudes hakuhangaika kuhesabu. Aliugeuza mkasi, akachungulia kooni mwa jino lake, akakichokoa cha mwisho kwa sindano.

Ijumaa lori liliondoka saa tatu asubuhi, na bonge la chuma likabaki mlangoni, watu wakilitundikia makoti. Quino alimwita Virtudes ofisini. Leire alikuwa amesimama pale, ameegemea kabati. Mezani palikuwa na karatasi mbili zenye muhuri.

"Soma utie sahihi," alisema Quino. "Nina njaa."

Virtudes alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, kidole kikifuata mistari. Akageuza karatasi kuona nyuma. Hapakuwa na kitu, akarudi mbele.

"Quino."

"Mama yangu wee. Nini?"

"Hapa. Mmeandika mshonaji msaidizi."

"Ndivyo mwanasheria alivyoandika. Ni maneno tu."

"Sawa. Namsaidia nani?"

Quino alimtazama Leire. Leire aliinua vidole vyake, bado vina alama za sindano za mwaka jana, akatikisa kichwa: si mimi.

"Kuna mshonaji mwingine hapa?" Virtudes aliendelea. "Mnionyeshe basi nimsaidie. Nauliza tu. Juzi sikuuliza, mliona."

Quino alichukua kalamu, akalikata neno *msaidizi* kwenye karatasi zote mbili, akatia herufi za jina lake pembeni kila mahali, na kuusukuma mkataba mbele. Virtudes aliipitia tena ile sehemu iliyokatwa, kwa ukucha, kuhakikisha wino umekauka. Ndipo akasaini, taratibu, jina lote na ukoo wa baba na wa mama, kwa mwandiko wa darasa la sita.